Mwanamume Aliyefuga Maji

Kutoka Tarime mjini hadi Nyangoto, Vivian Odoyo hakumruhusu dereva apande tuta hata moja kwa kasi. Alikuwa amepakata boksi jeupe la barafu, kifuniko amekitoboa matundu, na kila gari lilipoyumba alilikumbatia kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu. Dereva alipochoka kuambiwa "pole pole, kaka yangu," alimuuliza kama amebeba mayai.

"Nimebeba maisha yangu," Vivian alimjibu.

Dereva alicheka, na Vivian naye akajichekesha. Lakini ndani ya boksi lile, kwenye mifuko ya nailoni iliyotiwa maji kidogo na hewa nyingi, furu wake walikuwa wakizunguka, wengine bluu, wengine wana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, samaki wadogo wa kwenye miamba ya ziwa ambao kwao watu huwatia kwenye ndoana kuwa chambo. Yeye aliwalea mwenyewe kwenye matangi ya uani kwa mama yake, na leo alikuwa akiwapeleka nyumbani kwa mwanamume anayempenda. Kisha huenda asirudi tena huko.

Mama yake, Abonyo, muuza samaki maarufu wa soko la Tarime, alimweleza asubuhi hiyo bila kuzunguka. "Hii ndiyo safari ya mwisho, nyathina. Ukirudi bila neno la baba yake, unavuka mpaka wa Sirari. Mjomba wako Okello anakungoja Homa Bay kwenye mabwawa yake. Sitaki binti yangu awe hadithi ya sokoni."

"Mama, Sylvester ananipenda."

"Sijakataa. Lakini ni mtu wa dhahabu. Watu wa dhahabu hawajui kungoja. Hata hilo tangi lako, utakuta ameshaliharibu."

Maneno hayo yalimfuata Vivian njia nzima, maana mwezi mmoja na ushee ulikuwa umepita tangu alifunge tangi lile nyumbani kwa Sylvester, na alikuwa amemwachia kazi ngumu kuliko kuchimba, kazi ya kungoja. Alimwachia tangi lenye mchanga na maji, halina hata samaki mmoja, akamwambia asiweke chochote ila mawe ya ziwani yaliyochemshwa. Kila siku atupie punje mbili tatu za unga wa dagaa, pampu isizimwe, basi. Maji mapya ni sumu kwa furu, alimweleza. Lazima yakomae, vijidudu wa kula uchafu wazaliane kwenye sponji ya chujio, na hilo haliharakishwi kwa pesa wala kwa ubabe.

Sylvester Mogesi alikubali kwa kichwa. Ni yeye huyo aliyebahatika wakati rashi ya dhahabu ilipoingia upya na duara lake, shimo la kuchimbia, likatema dhahabu. Wenzake walinunua pikipiki na bia, yeye akajenga nyumba ya matofali kwenye mji wa baba yake. Kisha siku moja, kwenye kambi ya watalii Robanda, aliliona tangi lililotengenezwa na Vivian, akasimama mbele yake mpaka chai ya mwenyeji wake ikapoa. Aliuliza tangi hilo ni la nani. Alipoletewa huyo mwenye kulitengeneza, mrembo mwenye mikono iliyolowa hadi viwikoni, alisahau swali la pili.

Mapenzi yao yalikua hapo, kati ya gundi ya vioo na ndoo za mchanga. Ila Sylvester alikuwa na msimamo wake. "Sitakuchukua kwa mlango wa nyuma," alimwambia. "Ng'ombe watakwenda kwenu baba yangu akiwa mbele yao, au hawaendi." Na baba yake, Mzee Nyangwine, alikuwa ameshasema neno moja tu juu ya jambo hilo, kwamba ng'ombe wake hawajui njia ya kwenda kwa watu wa samaki.

Ndiye huyohuyo Vivian aliyemkuta amesimama langoni aliposhuka garini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa samaki." Mzee alimpa mkono, kiganja kigumu kama kwato, akautikisa sana huku akimtazama Vivian usoni waziwazi, jinsi mtu anavyomtazama muuza chumvi. "Umeleta mifugo?"

"Nimeleta, mzee."

"Afadhali. Kijiji kizima kinanicheka. Wanasema mura wa Nyangwine, mwanangu mwenyewe, anafuga maji. Akiamka anayaangalia, akitoka kazini anayaangalia. Mimi nimefuga ng'ombe, nimefuga mbuzi, hata nyuki. Maji sijaona."

"Ni lazima uanze na maji, mzee. Samaki wanafuata. Karibu ndani uone tunavyowaingiza."

"Binti, kwenye nyumba ya mwanangu siingii mimi. Mila yetu hiyo. Kijana akishajenga, baba hakanyagi mlango wake." Alishika fimbo yake vizuri. "Utanisimulia siku nyingine." Akaenda zake kwa ng'ombe, na Vivian akabaki na boksi lake, akijua kwamba siku nyingine haipo.

Robi, dada mkubwa wa Sylvester, ndiye aliyempokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, lakini leo alimpisha apite kimya, kama mtu anayejua kuna kitu ndani. Vivian alivuka kizingiti, akatazama ukuta wa nyuma alipokuwa ameliacha tangi. Ukuta ulikuwa mtupu.

Tangi lilikuwa dirishani. Jua la asubuhi lilikuwa limelipiga ubavuni, na mawe yote yalikuwa yameota ukijani.

Jamani, kuna hasira na kuna uchungu, na uchungu ndio unaouma zaidi. Vivian aliweka boksi chini taratibu. Maneno ya mama yake yalimrudia yote, moja moja.

Sylvester alitoka chumba cha nyuma na ndoo, shati limelowa, uso umejaa furaha. Furaha ile ilikatika alipomwona.

"Nani amelihamisha?" Vivian aliuliza.

"Mimi. Na vijana wa duara wamenisaidia."

"Nilikwambia nini kuhusu dirisha?"

"Jua litaleta ukijani. Na maji yatapata moto mchana, usiku yapoe."

"Na kuhusu kulihamisha?"

"Tangi lenye maji halibebwi. Litafunguka kwenye maungio."

"Kwa hiyo ulinisikia."

"Nilikusikia yote."

"Ukafanya unavyotaka wewe." Vivian aliligeuzia tangi mgongo. "Sylvester, mimi nimekutetea kwa mama yangu. Asubuhi hii hii nimekutetea. Nimemwambia wewe si kama wale wengine. Sasa hawa samaki niwaweke wapi? Kwenye sufuria?"

Mwanamume mwingine angepandisha sauti. Sylvester aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akamtazama kwa macho yale yaliyomfanya Vivian akose usingizi mwezi mzima.

"Pima maji kwanza," alisema. "Ukimaliza kupima, unigombeze. Sitakimbia."

Vivian alitoa vichupa vyake vya kupimia kwa hasira, akachota maji, akadondoshea dawa, akatikisa. Alisubiri rangi ibadilike iwe ya hatari. Haikubadilika. Alirudia na kichupa kingine, akakisogeza kwenye mwanga, akakitazama mara mbili. Maji yalikuwa yamekomaa. Yalikuwa mazuri kuliko yale ya kambini Robanda, ambayo yeye mwenyewe huyasimamia.

"Umefanyaje?" aliuliza, na hasira yote ilikuwa imemtoka bila ruhusa yake.

"Tuliyatoa maji tukayahifadhi kwenye mapipa. Mapipa mapya, siyo ya huko machimboni. Chujio nikaliweka kwenye ndoo ya maji yaleyale, pampu inaendelea kwenye betri, ili wale vijidudu wako wasife. Uliniambia uhai uko kwenye sponji. Nikaikalia ile ndoo mwenyewe mpaka tangi likajaa tena."

"Na hawa wenzako hawakukushauri uweke mawe yanayometa?"

"Walishauri sana. Walileta mawe ya duarani, mazuri ajabu, wanasema tangi la mwenye dhahabu likose dhahabu? Nikawaambia mawe yale yana sumu kwa samaki, nimeambiwa na mwenye kujua. Haya yote humo ndani nimekwenda kuyaokota ziwani mwenyewe, nikayachemsha kama ulivyosema. Wamenicheka mpaka wamechoka."

Vivian alimtazama. Alikuwa amefundisha watu wengi kufunga matangi, mameneja wa kambi na wake za wenye maduka, watu wa kuandika kila kitu kwenye simu, na hakuna aliyewahi kumsikiliza namna hii. Huyu alikuwa ameyabeba maneno yake yote, madogo kwa makubwa, wala hakumwaga hata moja. Mapenzi yalimpanda upya, mazito, mpaka akaona aibu kwa yale aliyotoka kumwambia.

"Basi kwa nini dirishani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kama ulijua yote hayo."

Sylvester aliinamisha kichwa. Robi, aliyekuwa amevumilia kunyamaza kupita kipimo chake, alimshika Vivian mkono akamsogeza hadi dirishani.

"Acha kutazama tangi, wifi. Tazama nje."

Nje, chini ya dirisha, palikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Nyasi zilizokizunguka zilikuwa zimekufa kwa kukanyagwa.

"Tata, baba yetu, haingii humu," Robi alisema. "Unajua. Huyu ndugu yangu akasema, kama baba haruhusiwi kuja kwenye tangi, tangi litamfuata baba. Siku ya kwanza mzee alipita kama haoni. Ya pili akasimama. Sasa akisharudisha ng'ombe anakaa hapo mpaka giza linaingia. Ukimuuliza, anasema anapumzisha goti."

"Lakini hamna samaki."

"Ndiyo nakwambia. Anatazama maji."

Vivian alifunga mdomo kwa kiganja, kicheko na machozi vikigombania njia. Kumbe yule mzee wa langoni, aliyelalamika kwamba kijiji kinamcheka, naye anafuga maji.

"Ningekupigia simu kukuuliza," Sylvester alisema, "lakini niliogopa utanikataza. Na ungenikataza, ningekusikiliza."

"Ningekukataza, ndiyo," Vivian alikiri. Alipapasa jiwe moja lenye ukijani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. "Ukijani wenyewe siyo balaa. Furu wa miambani wanaula, ni kama malisho. Utatundika turubai nje, juu ya dirisha, jua kali lisiingie. Na mzee naye apate kivuli."

Walipakua mifuko pamoja. Waliilaza juu ya maji ikaelea, furu wapate kuzoea joto la makao mapya, kisha Vivian akafungua midomo ya mifuko na kuanza kuongeza maji ya tangi kikombe baada ya kikombe. Ni kazi ya polepole, isiyo na la kufanya ila kusimama karibu karibu na kungoja. Viwiko vyao viligusana. Hakuna aliyesogea.

"Mama amesema leo ndiyo mwisho," Vivian alimwambia, macho yakiwa kwenye mifuko. "Nikirudi mikono mitupu, nakwenda Homa Bay."

Sylvester aligeuka akamtazama. "Utakwenda?"

"Wewe umeniambia huendi bila baba yako. Na mimi siwezi kumpita mama yangu. Tumefanana."

"Vivian, nimeingia chini ya ardhi kule ambako mtu akikohoa mawe yanaanguka. Sikuwahi kuogopa namna hii."

Vivian aliushika mkono wake ndani ya maji, mahali ambapo Robi hakuweza kuona, au alijifanya haoni.

Ng'ombe walirudi jua likiwa limelegea. Furu walikuwa wameshaachiwa na kutupiwa chakula kidogo, wengine wamejificha kwenye mapango ya mawe, wale madume wameanza kutamba. Kigoda kililia nje, na uso wa Mzee Nyangwine ukatokea upande wa pili wa kioo, mkubwa kwa sababu ya maji. Alipomwona Vivian alitaka kuinuka, lakini dume jekundu lilipita mbele ya macho yake, likatanua mapezi, naye akakaa tena.

"Huyo ndiye fahali?" aliuliza kupitia dirisha lililo wazi pembeni.

"Ndiye, mzee. Ana majike wengi. Ukimpa jike mmoja atamsumbua mpaka amuue."

"Hm. Na yule wa bluu?"

"Fahali mwingine. Nimeweka mawe katikati kila mmoja awe na boma lake. Na nimewajaza wengi kidogo, kwa sababu wakiwa wachache mkubwa anamwonea mmoja. Wakiwa wengi, ugomvi unagawanyika."

"Kama zizini," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na dhihaka. Alisogeza uso karibu na kioo. Alitazama kama mwenye ng'ombe anavyotazama, mmoja mmoja, mwendo, macho, tumbo. Kisha akanyoosha kidole. "Yule pale, chini ya jiwe. Wenzake wanakula, yeye hali. Mashavu yamevimba. Anaumwa."

Vivian alishtuka kwa furaha. Watu wazima waliosomea kazi hiyo humpita samaki wa namna ile bila kumwona.

"Haumwi, mzee. Ana watoto mdomoni."

"Amewala?"

"Amewaficha. Akishataga anayabeba mayai mdomoni, mpaka watoto waweze kuogelea. Siku zote hizo hali kitu. Chakula kinapita mbele yake anakiangalia tu, maana akifungua mdomo watoto watatoka na wataliwa."

Samaki yule alitoka kidogo chini ya jiwe, punje ya chakula ikamshukia karibu na pua, akarudi nyuma. Mzee alivua kofia yake akaipachika gotini.

"Mama yenu," alisema hatimaye, na Robi na Sylvester wakageuka wote wawili, kwa sababu baba yao hakuwa na desturi ya kumtaja marehemu. "Mwaka ule wa njaa. Kila jioni alikuwa ananiambia ameshakula jikoni. Na mimi nikawa naamini. Mpaka alipoanguka kwa njaa njiani kutoka kisimani ndipo nikajua."

Pampu ya hewa ilikuwa ikikoroma taratibu.

"Binti," mzee akaita, "huyu ulipombeba kutoka Tarime, ulijua ana watoto?"

"Nilijua, mzee. Nilimpa mfuko wake peke yake. Dereva amenichukia leo, kila tuta namwambia apunguze. Akitishika anatema."

"Na hajatema hata mmoja."

"Hata mmoja."

Mzee alikaa akimtazama yule samaki mpaka kivuli cha zizi kikafika kwenye kigoda. Kisha akavaa kofia, akainuka na goti lake, akaondoka bila kuaga.

Dereva alipiga honi kwa mara ya tatu. Vivian alikusanya vichupa vyake, akamwelekeza Sylvester kuhusu chakula cha wiki ya kwanza ijapokuwa alijua hatasahau, kisha akatoka na boksi tupu. Mzee Nyangwine alikuwa kwenye mlango wa zizi. Hakuna mtu mwenye adabu anayeondoka kwenye mji bila kumuaga mwenye mji, basi Vivian alimwendea, akapiga goti kidogo, akanyoosha mkono.

"Mzee, mimi naondoka. Nashukuru kwa leo."

Mzee aliutazama mkono ule kama mtu aliyeona moto. Alirudi nyuma hatua nzima, akaficha wake nyuma ya mgongo, akageuza uso akatazama ng'ombe.

"Mura," alimwita mwanawe kwa sauti kubwa, na Vivian yuko palepale mbele yake. "Mwambie mgeni asafiri salama. Mwambie barabara ni mbaya, dereva apunguze mwendo." Akaingia zizini.

Mkono wa Vivian ulibaki hewani. Asubuhi mzee huyuhuyu alikuwa ameutikisa mkono wake mpaka bega likauma, akamtazama machoni, na sasa, baada ya yote, hata kumwangalia hataki. Aligeuka ili walio nyuma yake wasione machozi, na akamkuta Sylvester amesimama, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alidhani naye analia. Robi alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, anacheka.

"Dada, kinachokuchekesha ni nini?"

"Wifi yangu, asubuhi ulikuwa nani? Mgeni. Muuza samaki. Mgeni anapewa mkono." Robi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kwetu kuna mwanamke mmoja tu ambaye mzee hamshiki mkono wala hamtazami usoni mpaka anaingia kaburini. Mke wa mwanawe."

Vivian aliutazama mkono wake mtupu. Kisha alimtazama Sylvester, aliyekuwa akitikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, ni kweli.

Alimpigia mama yake simu akiwa ndani ya gari, kabla hawajatoka Nyangoto.

"Mama. Mzee amekataa kunipa mkono."

Abonyo alikuwa ameuza samaki kwa wanawake wa Kikurya tangu Vivian akiwa mgongoni, na mambo ya nyumba zao aliyajua.

"Amekataa kabisa?"

"Ameuficha mgongoni."

"Na macho?"

"Ameangalia ng'ombe."

Abonyo alishusha pumzi ndefu, mpaka Vivian akaisikia kwenye sikio. "Basi mpigie mjomba wako Okello mwenyewe, umwambie huendi," alisema. "Mimi nina ua wa kufagia, kuna ng'ombe wanakuja."